Acheni Kugawanya Kilomita

Swali: London hadi New York ni kilomita 5,500 na ushei, na ndege huenda kilomita 900 kwa saa. Hesabu inanipa saa 6. Mbona tiketi inasema 8?

Hili nimelijibu mara ngapi? Hizo 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe haitulii. Huko juu, kwenye kilomita 10 hivi, mkondo wa upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, siku nyingine kwa kilomita 200 kwa saa na zaidi. Ukienda New York unapambana nao. Ukirudi unakusukuma, na safari hushuka hadi saa 7 au pungufu. Februari 2020, dhoruba ikiwa imechachamaa Atlantiki, ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Injini zilikuwa zilezile.

Halafu muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena. Kujikokota hadi barabara ya kurukia, foleni, kuzungushwa angani mkisubiri zamu ya kutua, vyote vimo. Mashirika nayo huchomeka dakika za akiba humohumo, kisha mnatangaziwa kwamba mmewahi. Msipige makofi sana.

Swali: London hadi New York ni maili ngapi?

Zipi? Ya nchi kavu ni mita 1,609, ya baharini na angani ni 1,852. Uliza upya.

Swali: Tukitoka London kwenda Los Angeles, skrini ilionyesha tunapinda kuelekea Greenland. Rubani alikuwa anakwepa nini?

Hakuna alichokwepa. Kilichopinda ni ramani. Vuta uzi kwenye tufe kati ya miji hiyo miwili, utaona wenyewe unapita kaskazini.

Swali: Mtandaoni nimesoma Helsinki hadi Tokyo ni saa 9 na kitu. Nimeuziwa tiketi ya saa 13. Nimepunjwa?

Hujapunjwa, umesoma ukurasa uliochacha. Tangu vita vya Ukraine vya 2022, Urusi imefunga anga yake kwa mashirika mengi ya Ulaya, kwa hiyo Finnair, shirika la ndege la Finland, huzunguka, ama kwa kupitia Ncha ya Kaskazini ama kwa kusini. Miji haijasogea hata hatua moja. Vikokotoo vya umbali hupima mstari, vita havivijui.

Swali: Julai niliondoka Tokyo saa 11 jioni, nikafika Los Angeles saa 5 asubuhi ya siku ileile. Nilisafiri muda gani?

Saa 10. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji wake, na Julai Tokyo iko mbele kwa saa 16. Anayetoa saa ya kuondoka kwenye ya kufika bila kulinganisha majira asinilalamikie.

Swali: Tiketi yangu ni ya tarehe 12, 00:40. Niende uwanjani lini?

Tarehe 11 jioni, ndugu yangu! Ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo ndio tunaoumia hapa: 00:40 ni saa 6 na dakika 40 usiku, na 07:00 ndiyo saa 1 asubuhi. Kuna msomaji aliyefika na mabegi yake tarehe 12 saa 2 usiku. Ndege yake ilikuwa imeshafika ilikokwenda, abiria wamekula na kulala.