Maswali ya Wasomaji: Mume amepata makazi ya kudumu Uingereza, mke yuko Nairobi

Mhariri, mume wangu amefanya kazi Leeds miaka mitano, na mwezi uliopita akapewa makazi ya kudumu. Tulifanya ngurario, ndoa ya kimila ya Wakikuyu, kwetu Limuru. Kanisani hatukwenda wala kwa msajili. Nimeajiriwa hapa mjini na mshahara wangu si haba. Je, nitasubiri mpaka awe raia? Na mshahara wangu utahesabiwa? – Mama Shiru, Donholm

Hongereni, Mama Shiru. Uraia si lazima. Tangu siku alipopewa makazi ya kudumu, mumeo anaweza kuwa mdhamini wako, nawe unaweza kuomba viza ya mwenzi ukiwa hapa hapa Nairobi. Yeye tu achunge asikae nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, maana makazi hayo hufutika.

Tuanze na ndoa, kwa sababu hapo ndipo una pengo. Ngurario ni ndoa kamili, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua, lakini afisa wa viza anataka cheti. Barua ya chifu haitoshi. Hati ya kiapo ya wakili, ile watu wanayopeleka kwenye bima ya matibabu, nayo haitoshi. Sheria inawataka mumjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe, kisha wote wawili mfike mbele yake ana kwa ana ili mpewe cheti. Ikiwa miezi imepita, usikate tamaa ukakaa nyumbani. Nenda kwa msajili wa ndoa, Sheria House, barabara ya Harambee, uulize kinachohitajika kwa ndoa iliyochelewa kusajiliwa. Kwa kuwa lazima mumeo awepo, pangeni hilo lifanyike katika likizo yake ijayo kabla ya jambo jingine lolote. Na kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, amri ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani iwe mkononi. Kutengana kwa miaka mingi si talaka.

Sasa pesa. Mshahara wako wa Nairobi hauhesabiwi hata senti moja katika ombi la kwanza. Kinachohesabiwa ni kipato cha mumeo, na kima chake tangu 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, yaani kama pauni 2,417 kwa mwezi. Ndugu aliyekwenda zamani atakuambia ni 18,600. Hicho ni kima cha zamani, usikitegemee. Habari njema ni kwamba siku hizi watoto hawaongezi kima, ingawa kila mtoto ana ombi lake na ada yake.

Akiwa kwa mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi, mumeo atatoa hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo, na barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, ameanza lini, amelipwa kiwango hicho tangu lini, na kama ajira ni ya kudumu. Mwenye mshahara uliopangwa, asiyelipwa kwa saa, hupimwa kwa kiwango cha chini kabisa alicholipwa katika miezi hiyo sita. Kwa hiyo kama alipandishwa mshahara katika mwezi wa nne kati ya hiyo sita, nyongeza hiyo bado haijamsaidia. Anayelipwa kwa saa hupimwa kwa wastani. Tuseme miezi sita imemletea 2,610, 2,250, 2,480, 2,300, 2,520 na 2,430. Jumla ni 14,590; zidisha kwa mbili upate 29,180. Amepita, lakini kwa pauni 180 tu. Zamu moja asiyoifanya ingemwangusha, na sisi tungemshauri angoje mwezi mwingine wenye zamu nyingi.

Aliyebadilisha kazi karibuni ana mtihani mgumu zaidi. Lazima kazi ya sasa ifike 29,000 kwa mwaka, na tena awe amepata jumla ya 29,000 katika miezi 12 iliyopita, kwa hati za miezi yote 12.

Mwambie mumeo aketi na kalamu nyekundu. Achukue hati ya mshahara, atazame mstari wa chini kabisa, ile pesa inayobaki baada ya kodi, kisha aitafute pesa hiyo hiyo kwenye taarifa ya benki, pauni kwa pauni, peni kwa peni. Hati ikisema 1,987.40 na benki ikaonyesha 1,900, afisa ataona pengo la 87.40 na hana wajibu wa kukupigia simu akuulize. Pengine mwajiri alikata deni la sare, pengine sehemu ilienda akaunti ya pili. Sababu yoyote ile, iandikwe na mwajiri kwenye barua, na taarifa ya akaunti ya pili iambatanishwe. Mshahara wa mkononi usiopita benki ni bora kuusahau.

Hati ya karibuni kabisa ya fedha isizidi siku 28 kufikia siku ya ombi, na siku ya ombi ni ile unayolipa ada mtandaoni, si siku ya kuweka alama za vidole. Wengi hukusanya karatasi Januari, wanangoja cheti cha Kiingereza, wanalipa Machi. Kufikia hapo karatasi zimechacha.

Kipato kikipungua, akiba huziba, na hapa ndipo wewe una nafasi, kwa sababu akiba yako inahesabiwa hata ikiwa benki ya Nairobi. Chukua pengo, zidisha kwa 2.5, ongeza 16,000. Mumeo akipata 26,000 anapungukiwa na 3,000, mara 2.5 ni 7,500. Pamoja na 16,000 ni pauni 23,500. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Pesa ziwe zimekaa miezi sita kwa jina lako, lake au la nyote wawili, bila kushuka chini ya kiasi hicho hata siku moja. Shilingi hubadilishwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya ombi, basi weka ziada ya kutosha, maana shilingi ikiteleza wiki moja hesabu yako imevunjika. Zawadi kutoka kwa wazazi inakubaliwa ikishakaa miezi sita. Mkopo haukubaliwi, na pesa ya chama si yako peke yako. Ploti ya Kitengela haihesabiwi ikiwa ploti. Ukiiuza, fedha zake zinaweza kuhesabiwa hata kabla hazijamaliza miezi sita benki, mradi uonyeshe kuwa ilikuwa mali yako tangu mwanzo wa miezi hiyo.

Ada ya viza ilipopandishwa Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya afya ya 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ni ya miaka miwili na miezi tisa, inalipwa kama miaka mitatu: 3,105. Kwa ada hiyo ya 2025 jumla ilikuwa 5,043, kwa kadi. Hakikisha kiwango mtandaoni siku ya kulipa, na uiambie benki mapema ikuongezee kikomo cha kadi. Ukikataliwa, ada ya afya hurudi. Ada ya viza hairudi.

Good Conduct, cheti cha polisi cha tabia njema, haihitajiki kwa viza hii. Usipoteze asubuhi kwenye foleni ya alama za vidole kwa ajili yake.

Nina digrii ya chuo kikuu cha hapa Kenya, na masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Wakala ananiambia lazima nifanye mtihani wa Kiingereza ili nipate viza ya mwenzi. Ananila pesa? – Msomaji, Umoja

Hakudanganyi, ila kuna njia mbili. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza inazihesabu kuwa za Kiingereza, kwa hiyo pasipoti yetu haikuondolei sharti hili, na KCSE haisaidii. Digrii inasaidia, lakini kwanza taasisi ya Ecctis ya Uingereza ithibitishe kwamba ni sawa na shahada yao na kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza. Itakubidi upate barua ya chuo kuhusu lugha ya kufundishia, na tunajua ofisi za masijala zinavyoweza kuchukua muda.

Mtihani ni wa kusikiliza na kuzungumza, ngazi ya A1. IELTS Life Skills unakubalika; unakaa na mtahini pamoja na mtahiniwa mwingine, na hauchukui hata nusu saa. IELTS ya kawaida isiyo ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) haikubaliki, hata ukiwa na alama tisa. Ushauri wetu kwa mwenye Kiingereza chepesi: fanya B1, ngazi iliyo juu ya A1 na A2, moja kwa moja. Wakati wa kuongeza viza utadaiwa A2, na cheti kilichokubaliwa mara ya kwanza kinaweza kutumika tena hata kikiisha muda wake.

Mume wangu ni mlezi wa wazee, alikwenda Agosti 2024. Naweza kumfuata? – Msomaji, Kasarani

Kwa viza yake, hapana. Walezi walioingia katika njia hiyo kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mke wala watoto. Angekuwa muuguzi aliyesajiliwa, ungeomba kama mtegemezi. Akihamia kazi inayoruhusu wategemezi, au siku atakapopata makazi ya kudumu, mlango unafunguka.

Si rahisi niende kwa viza ya matembezi, kisha tubadilishe huko huko? – Msomaji, South B

Haiwezekani. Viza ya matembezi haigeuzwi kuwa ya mwenzi ukiwa ndani ya Uingereza. Utarudi Nairobi uombe upya. Kwenda kumwona mume wiki tatu ni halali kabisa, lakini mweleze afisa wazi kwamba una mume huko na una mpango wa kuomba viza ya mwenzi baadaye. Ukificha, na ombi la pili likafichua, uongo huo utakufuata kwenye kila fomu.

Kipimo cha kifua kikuu nikifanye lini? – Msomaji, Ruaka

Karatasi za mumeo zikikaribia kukamilika. Kipimo kinafanywa kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) hapa Nairobi, na cheti hudumu miezi sita. Kiwe hai siku ya kuomba. Picha ya kifua ikionyesha kivuli chochote, hata kovu la zamani, utaombwa makohozi, na kuotesha makohozi huchukua hadi wiki nane. Hati za mshahara za mumeo zitapitwa na siku 28 wakati unangoja. Kwa hiyo usilipe ada kabla ya kushika cheti, na mumeo aendelee kuhifadhi hati za kila mwezi ili miezi sita isogezwe mbele. Mjamzito aseme mapema; kuna njia ya kupimwa makohozi bila picha.