Barua kwa mwanangu: dola ya 1799 ya jirani yako itafika ngapi mnadani?

Mwanangu Salma,

Wa alaykum salaam. Sote huku Mombasa wazima, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama baridi ya Philadelphia imepungua. Ujumbe wako nimeupata na picha zake nne. Unasema jirani yako, yule bibi mzee, ameachiwa na marehemu mumewe dola ya fedha ya mwaka 1799. Duka moja la sarafu limempa bei ya dola 600, naye hajui akubali au akatae. Wewe nawe umesoma kwamba dola ya Sultani iliuzwa kwa milioni 7.68, ndipo ukaniuliza: "Baba, hii itafika ngapi mnadani?"

Kwanza tuiweke kando ile ya Sultani, maana ndiyo inayokuchanganya. Ile imeandikwa 1804, lakini haikuchapwa 1804. Dola zilizochapwa mwaka huo zilitumia chapa za miaka iliyotangulia. Serikali ya Marekani ilipotaka seti za sarafu za kuwatunukia wafalme wa mashariki, mnamo 1834, ndipo karakana ya serikali ya kuchapa sarafu, ya hapo hapo Philadelphia, ilipochapa dola chache zenye 1804. Seti moja ilikuwa ya Sayyid Said bin Sultan, huyu huyu wetu wa Maskati na Unguja, aliyekuwa ametia sahihi mkataba na Wamarekani 1833. Mjumbe wao, Edmund Roberts, aliipeleka kwa manowari iliyoitwa Peacock. Na ujue, mama, kabla ya kufika Maskati mwaka 1835 manowari hiyo ilitia nanga Unguja, kisha ikakwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Masirah, ikaponea chupuchupu. Baada ya hapo sarafu ikapotea machoni mwa watu hadi ilipoibuka kwa mkusanyaji mmoja wa Uingereza, ikanadiwa London 1917. Kwamba ndiyo ile ile ya Sultani ni jambo linaloaminika, si jambo lenye stakabadhi. Hata hivyo jina la Sultani limo ndani ya bei, na za kundi lake zinazojulikana duniani, yenyewe ikiwemo, ni 8 tu. Ya huyo bibi jirani yako haina Sultani. Na dola za 1799, kwa hesabu za karakana, zilichapwa 423,515.

Tena hata hizo bei kubwa usizione kama zimeandikwa kwenye jiwe. Dola hiyo hiyo ya Sultani iliuzwa milioni 4.14 mwaka 1999. Mwaka 2016 dau lilivuka milioni 10 ukijumlisha na ada ya mnunuzi, lakini halikufika bei ya chini aliyoiweka mwenyewe, akarudi nayo nyumbani. Ilipopigwa mnada tena, 2021, ndiyo ikatoka kwa hizo 7.68. Kuna na dola moja ya 1794 iliyouzwa zaidi ya milioni 10 mwaka 2013. Ilipoletwa tena mnadani 2020 hakuna aliyefika bei ya chini. Anayetaka kukadiria asianze na habari za magazeti, maana magazeti huandika siku ambayo matajiri wawili walishindana. Aanze na sarafu nyingi za kawaida zilizouzwa siku za kawaida.

Sasa tuje kwenye hii yenu. Nimezikuza picha kwa kioo changu cha kazini (usonara nimeuacha, kioo sijakiacha). Yule mwanamke wa kwenye sarafu, wanayemwita Uhuru, nywele zake zimelika juu ya sikio na kipaji cha uso, lakini mawimbi ya pembeni bado yanaonekana. Imetumika, ila haikuteswa sana. Nyota nimezihesabu: 7 kushoto, 6 kulia. Umuhimu wake ni kwamba dola chache za mwaka huo zina 8 kushoto na 5 kulia, na wakusanyaji huzitafuta. Hii si mojawapo. Kuna na nyingine ambazo tarakimu ya mwisho imechapwa juu ya 8. Ya kwenu naiona 9 safi.

Kuna mistari ya mshazari karibu na ukingo, ambayo umeizungushia alama nyekundu ukidhani mtu ameikwaruza. Hiyo si kasoro ya kukutia hofu. Zamani kisahani cha fedha kilichozidi uzito kilipigwa tupa kabla ya kuchapwa, mpaka kikakaa sawa kwenye mizani. Utaitambua hivi: mistari ya tupa ya karakana hufifia inapofika kwenye nyota na herufi, kwa sababu chapa iliipigia juu. Mkwaruzo wa baadaye huwa umepita juu ya herufi na kuzikata. Hii inafifia. Wanunuzi wengine hawaipendi, lakini haihesabiwi kama uharibifu.

Linalonisumbua ni lile eneo tupu mbele ya uso. Linang'aa kupita umri wake, lina mikwaruzo myembamba kama nywele inayokwenda upande mmoja, na weusi umebaki tu kwenye pembe za herufi. Hiyo imesuguliwa. Labda ni marehemu mwenyewe, kwa nia njema, kwa kitambaa na dawa ya fedha. Sarafu ya namna hii makampuni ya kupima daraja la ubora wa sarafu, kama PCGS na NGC, huithibitisha kuwa ni halali lakini hawaipi namba kamili katika kipimo chao cha 1 hadi 70. Huandika tu kwamba imesafishwa. Hapo bei hushuka, pengine kwa theluthi au zaidi. Basi mkataze bibi asiiguse tena, hata kwa maji.

Kabla ya yote, hakikisheni si feki, maana feki za dola hizi zimejaa tele na hata sumaku haizikamati zote. Ipime kwenye mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu. Ilipotoka karakana ilitakiwa iwe gramu 26.96. Kwa uchakavu huu nategemea 26 na nusu na kitu. Ikitoka 24 au 28, tusipotezeane muda. Kisha itazame ukingoni: lazima kuwe na maneno yaliyozama, HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT. Ukingo wenye vijino kama vya sarafu za leo ni dalili mbaya kabisa.

Ikipita hapo, ingia kwenye kumbukumbu za mauzo za makampuni ya mnada, Heritage na Stack's Bowers, ziko wazi kwa mtu yeyote. Tafuta 1799, uchakavu kama huu, zilizosafishwa tu, za miaka hii miwili mitatu. Iondoe iliyouzwa ghali kuliko zote na iliyouzwa rahisi kuliko zote, utazame zilizobaki katikati. Na hapa ndipo wengi hukosea hesabu: bei inayoandikwa pale imeshajumlishwa ada ya mnunuzi, tuseme asilimia 20. Ukiona 1,440, nyundo iligongwa kwenye 1,200. Muuzaji naye huenda akakatwa kamisheni, tuseme asilimia 10, inabaki 1,080. Toa gharama za kupima daraja, posta na bima, kama 100 hivi. Bibi ataondoka na dola 980, tena baada ya kungoja miezi.

Kwa nilivyoiona kwenye picha, nasema nyundo itagongwa kati ya 1,000 na 1,400. Ingekuwa haijasuguliwa ningekwambia 2,000 na ushei. Zile 600 za dukani ni kidogo, ingawa mwenye duka naye lazima apate chake, na huenda hakuitazama vizuri. Aende kwenye maduka mengine mawili au matatu, aombe bei iandikwe kwenye karatasi, sarafu asiiache huko hata kwa usiku mmoja. Akipata mtu wa kumpa 950 mkononi, mimi ningemwambia auze, mnada autazame kwa mbali. Wote wakiishia 700, basi apeleke mnadani, ila aulize kwanza kamisheni ni asilimia ngapi na kama kuna malipo sarafu isiponunuliwa.

Niletee uzito ukishaupata. Na picha ya upande wa tai ipige upya karibu na dirisha, taa ya simu ukiizima. Kivuli chako kimefunika bawa lote la kushoto, na hapo ndipo ninapotaka kutazama.

Baba yako