ULIZA UJIBIWE: Kampuni ya nje inataka kutufungia sola kijijini, tusaini miaka 20?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku mwambao wa kusini, wilaya ya Uvinza, kwenda Kigoma mjini tunategemea boti yani ni kama tupo kisiwani tu. Imekuja kampuni ya nje na mwenzao wa Dar, wanataka eneo wafunge sola na betri watuuzie umeme miaka 20, wanasema nchi za visiwa ndo zinavyofanya. Mwenyekiti anataka asaini wiki hii. Ni kweli? Na sisi tuangalie nini?
Mjumbe, Uvinza

JIBU: Ndugu yangu mjumbe, asante sana, na nakuomba mwambie mwenyekiti kalamu aiweke chini kwanza.

Ni kweli visiwani wanafanya hivyo. Visiwa vingi vinaishi kwa dizeli inayoletwa na meli, mafuta yakipanda kila kitu kinapanda, na sisi Kigoma tuliokaa miaka na majenereta ya dizeli hatuhitaji kuelezwa hiyo shida. Cape Verde, nchi ya visiwa huko magharibi ya Afrika, waliingia ubia na wawekezaji wa nje, wakasimamisha mitambo 30 ya upepo kwenye visiwa vinne, megawati 25.5, ikaanza kazi 2011 na shirika lao la umeme likasaini kununua huo umeme miaka 20. Kwahiyo hiyo miaka 20 isikutishe, ni kawaida maana mtambo unachukua muda kurudisha hela. Cha kuangalia ni mambo yakienda vibaya nani anabeba hasara.

Angalia Maldives, nchi nyingine ya visiwa, Bahari ya Hindi. Mwanzoni, 2014, mwekezaji aliwauzia umeme wa sola kwa senti 21 za dola kwa uniti, kufika 2020 mradi mwingine ukapatikana kwa senti 10.9. Paneli zilishuka bei ni kweli, lakini pia Benki ya Dunia iliweka dhamana kwamba serikali ikichelewa kulipa mwekezaji hatalala njaa, na akitaka kubadili hela ya kule kuwa dola atabadilishiwa. Mwekezaji akiwa na hofu anaipandisha kwenye bei, na anayelipa hiyo hofu ni mama anayegandisha barafu ya migebuka. Sasa waulize wageni wenu: bei imefungwa kwa shilingi au kwa dola? Kama ni dola, shilingi ikishuka wavuvi wenu ndo wanaumia na wao wanauza samaki kwa shilingi.

Halafu msiende mbali, kuna Ukara kule Ukerewe, Ziwa Victoria. Kampuni ya Jumeme iliwasha gridi ndogo ya sola, yani mtambo na nyaya za kijiji chenyewe, 2016, watu wakafurahi, ila bei ya uniti ilikuwa juu mno kuliko ya Tanesco, na 2020 serikali ikaagiza ishuke ilingane. Mwananchi alipata nafuu na mwekezaji akabaki na hesabu isiyofunga, na mimi naona wote wawili walistahili hilo jambo liwe limeongelewa na EWURA, wale wasimamizi wa bei za umeme, na serikali kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Na laini ya Tanesco ikifika kwenu kabla ya miaka 20 inakuwaje? Mtambo unauza umeme kwenye gridi, wanalipwa fidia waondoke, au? Hicho kipengele kiandikwe kwa Kiswahili, na mtu asome mbele ya watu.

Ardhi sasa, hapa naongea kwa uchungu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mwenyekiti hana mamlaka ya kugawa eneo peke yake, linapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na mgeni hamilikishwi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Akisaini wiki hii peke yake anajiingiza matatani yeye na anawaingiza nyinyi. Iteni mkutano, mwanasheria wa halmashauri ya wilaya awepo, kina mama wa dagaa wawepo, ndo wateja wakubwa hao.

SWALI: Mimi nipo Ujiji, kikundi chetu tunataka sola ya friji za samaki karibu na mwalo. Ziwa Tanganyika lilivyojaa ile 2020 na 2021 maji yalikula mpaka majengo. Tufunge wapi?
Dada wa samaki

JIBU: Dada yangu, juu ya pale maji yalipofika, waulize wazee wakuonyeshe alama, na betri na inveta (kile kifaa kinachobadili umeme wa sola uwashe friji) zikae juu zaidi hata kama waya utakuwa mrefu na gharama itaongezeka kidogo. Kingine ni upepo wa ziwani. Vimbunga Irma na Maria vilivyopiga visiwa vya Karibi 2017, mainjinia waliokagua sola zilizoharibika walikuta vile vibanio vya kushika paneli vililegea, paneli moja ikichomoka inapiga za jirani zinafuata. Zilizofungwa bolti moja kwa moja kwenye fremu zilikuwa na nafasi nzuri zaidi. Kwahiyo fundi akija mwambie mnataka atumie bolti na nati za loki, zile zisizolegea kirahisi, na arudi kukaza kabla ya kila msimu wa mvua, hiyo iingie kwenye bei mnayokubaliana naye toka mwanzo.