Kabla Hujaiacha Baiskeli Yako Mjini Mombasa

Baiskeli yangu ya pili iliibwa mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nje ya msikiti mmoja huko Mji wa Kale, na aliyeiiba alisaidiwa kuiiba. Nilikuwa nimeifunga kwenye grili ya dirisha kwa kebo, ile nyembamba iliyovikwa plastiki ya rangi, niliyoinunua barabarani kwa shilingi 350. Swala iliisha, nikabaki ndani kidogo kuswali sunna. Kutoka nje, naikuta kebo chini, imekatwa.

Muuza kahawa aliyekuwa ng'ambo ya njia akanieleza alichokiona. Kijana mmoja, kavaa kanzu safi, alichuchumaa penye baiskeli akilalamika kwamba ufunguo umempotea na ameitwa nyumbani kuna mgonjwa. Akatoa koleo mfukoni. Kebo ilipomsumbua, mpita njia mmoja, mtu mzima, akamshikia baiskeli isiyumbe. Ikakatika. Kijana akashukuru, akapanda, akaenda zake.

"Mwanangu, mimi nilidhani ni yake," mzee wa kahawa aliniambia, na niliona ameumia kweli. "Wewe sikujui, yeye simjui."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka sasa. Njia ile ilikuwa na watu si chini ya ishirini. Macho yalikuwepo tele, ila hapakuwa na jicho hata moja lililojua baiskeli ile ni ya nani.

Kazi yangu ni ufundi wa stima. Nakaa Kisauni, na kila asubuhi navuka daraja la Nyali kuingia kisiwani, sanduku la vifaa limefungwa nyuma kwenye karia. Siku ikiwa nzuri naingia nyumba nne au tano: Tudor, Ganjoni, Kibokoni, Majengo. Maana yake baiskeli yangu inabaki nje mara nne au tano kwa siku, kila mara mahali tofauti, na mimi niko juu ya ngazi nimeshika nyaya, siioni. Muuza madafu anasimama na yake. Karani wa ofisini ana sehemu moja tu ya kuiwazia. Sisi wa kuzunguka ndio wenye shida kubwa, na haya nayaandika hasa kwa ajili ya mtu ambaye baiskeli ndiyo jembe lake. Nimeibiwa mara tatu.

Ya kwanza haina mengi. Marikiti, nimeiegemeza ukutani bila kufuli, nimeingia kununua ndimu. Sijapewa hata chenji, baiskeli haipo.

Tuanze na chuma. Kebo ile nyembamba ichukulie kama kamba. Ndani ya plastiki mna nyuzi za waya zilizosokotwa, na koleo la kawaida linazila chache chache bila kelele. Itakufaa kushikia kiti au kofia, lakini usiikabidhi baiskeli nzima. Ninalotumia siku hizi ni kufuli la umbo la U, chuma kinene kilichokazwa kwa moto, na nikienda mtaa nisioujua naongeza mnyororo wenye pete nene. Sababu ya kuwa na aina mbili ni kwamba kila moja inataka kifaa chake. Mwizi aliyetoka nyumbani na koleo hana la kufanya mbele ya U, na wa mashine ya kukatia chuma atatoa cheche na makelele mara mbili, si mara moja.

Ukinunua U, chagua dogo. Wengi huchukua kubwa wakidhani ndilo lenye nguvu, kumbe nafasi inayobaki ndani ndimo mwizi anamopenyeza bomba au jeki ya gari akalipasua. Kufuli lijae: fremu, gurudumu na nguzo, pasibaki pa kuingiza ngumi. Tena liwe juu juu, lisilale chini, kwa sababu sakafu inampa mtu pa kuegemeza kufuli akaligonga kwa nyundo. Tundu la ufunguo ulielekeze chini, mvua na mchanga visiingie.

Marehemu Sheldon Brown, fundi wa baiskeli wa Marekani aliyefariki 2008 na kuacha maandishi mengi ya ufundi huo, alifundisha kitu ambacho hapa kwetu sijaona wengi wakikifanya. Lichukue kufuli dogo la U, ulipitishe kwenye rimu ya gurudumu la nyuma, ndani ya ile pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha ulifunge na nguzo. Kufuli linakuwa halijazunguka chuma chochote cha fremu, na mara ya kwanza utaona kama umekosea. Sasa jaribu kuitoa. Gurudumu haliwezi kupenya kwenye pembetatu ile, kwa hivyo fremu na gurudumu vimeshikwa pamoja na kufuli moja. Anayeitaka lazima aikate rimu, na gurudumu la nyuma ndilo la bei kuliko la mbele. La mbele lenyewe, kama ekseli yake ni ya ule mkono wa kufungulia bila spana, mwambie fundi akuwekee ya nati. Na kiti vivyo hivyo. Nimeona baiskeli nzuri sana pale Mama Ngina, mwenyewe kaenda kula mihogo na kutazama bahari, karudi ameachiwa fremu na gurudumu moja.

Kuna makufuli ya bei rahisi yenye ufunguo wa mviringo, kama kibomba kidogo. Yaache dukani. Mwaka 2004 Marekani watu waligundua kwamba mengi ya aina hiyo yanafunguka kwa gamba la plastiki la kalamu ya biro, ukilisukuma na kulizungusha tu, na yalikuwemo hata yale ya gharama kubwa. Watengenezaji wakubwa waliachana na mtindo huo. Ufunguo bapa ni afadhali.

Halafu kuna adui wetu wa pwani, chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma hata kikiwa ndani ya nyumba. Kila wiki mbili nalitia kufuli matone ya mafuta ya cherehani na kulifungua na kulifunga mara kadhaa, na msimu wa masika nafanya kila wiki. Nilijifunza hili Likoni, pale ufunguo ulipokatikia ndani ya kufuli lililoshikwa na kutu. Ilinibidi kumwita fundi wa kuchomelea aje na mashine alikate. Cheche ziliruka, mlio ukasikika hadi stendi ya matatu, watu wakapita huku na huku. Hakuna aliyeniuliza kama baiskeli ni yangu. Mtoto mmoja alisimama kutazama cheche, basi. Ningekuwa mwizi ningeondoka nayo kwa heshima zote.

Unachofungia nacho kina chumvi yake. Grili na vyuma vya karibu na maji vinaonekana vizima kwa sababu vimepakwa rangi, ukivishika chini unakuta vimebaki ganda. Tikisa kwanza. Nguzo ya alama ya barabarani, angalia juu: kama ni fupi na haina kichwa kipana, baiskeli itanyanyuliwa na kufuli lake. Mwarobaini mchanga unakatwa kwa panga, na hata usipokatwa unauumiza mti wa watu. Usifungie kwenye reli ya ngazi au mlango ambao wazee na wenye mikokoteni wanapita, kwa kuwa mtu uliyemziba njia hatakulindia chochote.

Kwenye feri hali ni nyingine. Pale unashuka, unasukuma pamoja na wanaotembea kwa miguu, na hufungi chochote. Baiskeli yenyewe haitatoka majini, lakini taa, pampu na mfuko wa karia vinatoka kwenye msukumano wa kushuka. Mimi vitu hivyo navitia ndani ya sanduku kabla sijafika kwenye mteremko, na mkono mmoja haubanduki kwenye kiti.

Narudi kwa yule mzee wa kahawa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunza lililo kubwa kuliko vyuma vyote. Kufuli linanunua dakika. Kama dakika hizo hakuna mtu wa kuzitumia, mwizi atazitumia mwenyewe. Siku hizi nikifika mahali, kabla sijagusa kufuli, natafuta mtu aliyekaa: bawabu, mama wa viazi karai, kinyozi, wazee wa barazani. Nasalimia vizuri, sikimbilii haja yangu. Kisha nasema wazi: "Shikamoo mama. Mimi fundi wa stima, niko nyumba ile ya ghorofa. Baiskeli yangu hiyo nyekundu, natoka baada ya adhuhuri. Akija mtu mwingine kuigusa, hata akisema mimi ndiye niliyemtuma, nipigie simu." Namba naiandika kwenye karatasi, namwachia. Inachukua dakika mbili.

Lile la "hata akisema mimi ndiye niliyemtuma" usiliruke. Mwizi wa mjini haji na uso wa wizi. Anakuja na ufunguo uliopotea, na mgonjwa nyumbani, na ndugu aliyemtuma. Watu wa Mombasa wana huruma, mtu akisema amekwama husaidiwa, na sipendi kuona huruma hiyo ikiondoka. Ukimpa jirani jina lako na saa yako ya kutoka, unampa njia ya kuuliza swali moja tu bila kumvunjia mtu heshima: "Wewe fundi stima?"

Wapo walioniambia baiskeli ile ilikwenda kwa kadari, nisijisumbue. Naamini kadari. Lakini bedui aliyemuuliza Mtume kama amwachie ngamia wake kwa kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Na mjini kumfunga ngamia ni pamoja na kumsalimia mwenye baraza.

Nyumbani pia funga. Ngazi ya ghorofa na ua wa ploti ni mahali pa wote, na mtu anayeiona baiskeli yako kila usiku anajua kila kitu kuihusu.

Sasa fanya hili leo, kabla hujaibiwa. Pindua baiskeli. Chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita, aghalabu kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Isugue ionekane, ipige picha, na ujipige picha nyingine umesimama na baiskeli nzima. Ujumbe wa M-Pesa uliolipia usiufute. Ukinunua ya mtumba, mwombe muuzaji mwandikiane, na namba hiyo iwe kwenye maandishi. Akikataa, ondoka. Sheria ya Kenya, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 322, inampa anayepokea mali ya wizi kifungo kisichozidi miaka 14, ilhali wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 ni miaka 3. Bei ya kutupwa jioni, bila karatasi, ni mzigo wa mtu unaubeba wewe. Nami nasema bila kuficha kwamba baiskeli zetu zinaibwa kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaozinunua.

Ikiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, iandikwe kwenye OB, lile daftari la matukio la polisi, uchukue namba ya OB, na baadaye abstrakti, hati ya polisi ya kuonyesha kwamba uliripoti. Kisha zunguka kwa mafundi wa baiskeli wa mtaa huo na mitaa ya jirani, Kongowea usiiache, uwaonyeshe picha. Fundi ndiye anayeiona baiskeli mpya mtaani kabla ya mtu mwingine yeyote, maana mwizi hataki kuuza kitu kinachotambulika na atataka kubadilisha hendeli, kiti au rangi. Na ukimkuta mtu ameikalia, usipige yowe la mwizi barabarani. Unajua na mimi najua yowe hilo linaishia wapi: mawe, tairi na petroli, kabla hata hujasema kwamba huna hakika. Mfuate kwa macho, ita polisi au mzee wa mtaa. Hakuna baiskeli ya thamani hiyo.

Ya tatu niliipata kwa njia hiyo. Ilichukuliwa usiku uani, na siku ya nne fundi mmoja akanipigia: ameletewa baiskeli abadilishe kiti na aipake rangi nyeusi. Kituoni, mtu aliyekutwa nayo akashikilia kwamba ni yake, amekuwa nayo miaka miwili, na namba chini ya fremu ilikuwa imeshasuguliwa kwa tupa. Nikamwomba afisa achomoe kiti. Ndani ya bomba la fremu nilikuwa nimesukumiza karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, jina langu, simu yangu na tarehe niliyoinunua. Plastiki ilikuwa imeingia unyevu na wino umeanza kutawanyika. Namba ya simu ilisomeka. Afisa akaipiga palepale, mbele yetu sote, na ikalia mfukoni mwangu.