Mkate wa mayai, soseji na ndizi: maji ya chini yanatoka wapi?

Msomaji ametuma picha ya mkate wa mayai wa kuoka. Juu umeiva na kupendeza, lakini kipande cha kwanza kilipokatwa, chini kulikuwa na maji. Anauliza kama aongeze mayai. Hapana. Mayai 8 yanatosha, na kosa lilianza kabla hata hayajapasuliwa.

Kwa treya ya sentimita 23 kwa 33 tumia mkate wa gramu 400, mayai 8, maziwa mililita 700, soseji gramu 300, ndizi mzuzu 2 zilizoiva hadi ganda limeingia madoa meusi, kitunguu 1 kikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, hiliki ya kusaga kidogo sana na asali vijiko 2 vya chakula. Usizidishe chumvi, soseji zina yake.

Mkate uwe wa juzi. Wa slesi uliotoka dukani leo ni laini mno, ukilowa unageuka uji na maziwa yanazama chini. Ukate vipande vya sentimita 3, uvikaushe ovenini kwa nyuzi 150 kwa dakika 10 au kwenye kikaango kikavu, viwe vikavu bila kubadilika rangi.

Kisha vitu vya maji. Kitunguu kibichi, nyanya mbichi, uyoga: vyote humwaga maji yao vikipata moto, tena wakati mayai yanaanza kushika. Kaanga kitunguu mpaka kilainike na kukauka. Soseji nazo zikaange ziive kabisa, uzikate, umwage mafuta. Ndizi zikate slesi nene na uzikaange upande na upande mpaka sukari yake ianze kuwa kahawia. Utamu wa sahani hii unatoka hapo. Wanaopenda nanasi badala ya ndizi walichemshe kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, kwa hiyo likilala na mayai na maziwa usiku kucha, mchanganyiko unakuwa mchungu na haushiki vizuri. Papai bichi lina tabia hiyohiyo.

Maziwa yaliyochemshwa yapoe kabisa, la sivyo yatapika mayai kwenye bakuli na kuleta madonge. Piga mayai, maziwa, chumvi na viungo, usilete povu jingi. Panga nusu ya mkate, soseji, ndizi na kitunguu, malizia na mkate, mimina, kandamiza kwa mkono. Funika, weka kwenye friji usiku mzima. Ukiwa na haraka, saa moja. Pungufu ya hapo vipande vya katikati vinabaki vikavu.

Oveni iwe nyuzi 175. Dakika 30 za kwanza funika kwa foili, kisha fungua dakika 20 hadi 25. Treya iliyotoka kwenye friji huchukua muda zaidi. Katikati itikisike kidogo kama maziwa mgando; mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 71 au zaidi kidogo. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanaacha "iive vizuri". Yai likizidi moto hujikaza na kukamua maji yake lenyewe, na ukiongeza mayai unapata mpira. Tuache kutibu kila kitu kwa kuongeza mayai.

Kwa mkaa, tumia sufuria nzito iliyopakwa siagi, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama theluthi moja kwa mbili. Chini kukiungua kabla ya juu kushika, makaa ya chini yamezidi.

Asali isiingie mwanzoni, inaungua. Ipake dakika 5 za mwisho, kisha acha treya ipumzike dakika 15 kabla ya kisu, maana katikati bado panashika. Kiporo kipashe kwenye kikaango chenye siagi kidogo, moto mdogo, kipande kimoja kimoja.