Wasomaji Wanauliza: Benchi la Lakrosi na Simu za Saa Sita Usiku

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wazazi wa Kiswahili walioko Marekani ambao watoto wao wamenasa kwenye lakrosi, ule mchezo wa kukimbia na fimbo yenye kikapu cha wavu, na sasa vyuo vinabisha hodi. Mhariri amenitupia mimi mzigo huu kwa kuwa nilikuwa mtunza vifaa wa timu ya chuo kimoja hapa Maryland. Stoo yangu ilipakana na ofisi ya makocha, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba.

*Binti yangu yuko darasa la 11, anacheza ulinzi. Usiku wa kuamkia Septemba mosi, saa sita kamili, simu yake ilianza kulia na haikunyamaza. Wamemtafuta kocha mkuu mmoja na wasaidizi wanne wa vyuo mbalimbali, na asubuhi ikaja barua pepe ya mtu anayejiita mkurugenzi wa shughuli za timu. Baba yake anasema tuongee na kocha mkuu tu, hao wengine ni vibarua. Nani tumsikilize? — Mama Zawadi, Columbia, Maryland*

Hongera, Mama Zawadi, na pole kwa usingizi. Zamani makocha walikuwa wakichukua ahadi za watoto wa darasa la 8, mtoto ambaye bado hajulikani atakuwa mrefu au mfupi. Ikafika mahali vyama vya makocha wenyewe vikaomba vifungwe kamba. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikapitisha kanuni mwaka 2017: kwa vyuo vya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa, hakuna mazungumzo ya usajili kabla ya Septemba mosi ya darasa la 11. Ndiyo maana wanakaa macho wakiitazama saa.

Sasa shemeji yangu asinichukie, lakini hapo kwenye vibarua amekosea njia. Benchi la ufundi la chuo kwa kawaida lina kocha mkuu na wasaidizi wawili au watatu. Mmoja ana ushambuliaji, mmoja ana ulinzi, na mara nyingi yupo wa makipa na wa kile kitendo cha kuanzisha mchezo katikati ya uwanja, ambapo wawili hugombea mpira baada ya kila goli. Huyo wa mwisho wazazi humpuuza, na wanakosea: timu inayoshinda mipira ya kuanzia inaweza kufunga mara tatu mfululizo mpinzani hajaugusa mpira. Nyuma yao kuna mkurugenzi wa shughuli anayepanga mabasi, hoteli na chakula, kocha wa viungo, watu wa tiba, mshauri wa masomo, na chini kabisa mimi na mashine zangu za kufulia.

Kocha mkuu ana jina na ana sahihi. Lakini pia ana vikao na wakubwa wa chuo, wafadhili wa kuwabembeleza, waandishi wa habari na ripoti. Kijana aliyekaa juani mwezi Juni na kiti cha kukunja, akizunguka viwanja vya mashindano ya shule, akaandika namba ya jezi ya binti yako kwenye daftari, ni msaidizi. Na atakayesimama naye kila siku kumfundisha namna ya kumfungia mshambuliaji njia ya katikati ni msaidizi wa ulinzi. Kwa hiyo kocha mkuu akipiga mshukuru, halafu muulize: msaidizi wako wa ulinzi ni nani, na amesoma kwa nani?

Swali hilo la pili ndilo nililokuja nalo kutoka Tanga. Kwenye chuo chetu cha Kurani mwalimu alitambulika kwa silsila yake: alisoma kwa fulani, naye fulani alisoma kwa fulani. Lakrosi ya wanawake ni hivyo hivyo, na ukiifuata silsila utafika mara nyingi kwa mama mmoja, Cindy Timchal. Aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Maryland kuanzia 1991 hadi 2006 akatwaa ubingwa wa taifa mara 8, mara 7 kati ya hizo mfululizo, 1995 hadi 2001. Kisha akaenda Annapolis, kwenye chuo cha jeshi la wanamaji, kuijenga timu iliyokuwa changa. Waliocheza chini yake sasa ni wenye mabenchi. Kelly Amonte Hiller alikwenda Northwestern, karibu na Chicago, mbali kabisa na kitovu cha mchezo huu, akaipokea timu iliyokuwa imefufuliwa na kuipa ubingwa 2005. Sasa anayo 8. Cathy Reese alicheza kwa Timchal, akawa msaidizi wake, akaenda kuongoza timu ya chuo cha Denver, akarudi kushika kiti cha mwalimu wake Maryland na kuleta ubingwa mara 5. Acacia Walker-Weinstein wa Boston College, bingwa wa 2021 na 2024, naye alivaa jezi ya Maryland. Usidhani hao ni majina ya kujivunia tu. Ukijua silsila ya kocha unajua ulinzi atakaofundisha, ukali wake, na hata atampigia nani simu binti akihitaji kazi.

La kuangalia zaidi ni nani anaondoka. Msimu wa vyuo huanza Februari na fainali huchezwa mwishoni mwa Mei. Filimbi ya mwisho ikilia, nafasi za kazi huanza kuzunguka: kocha mkuu huyu kafukuzwa, msaidizi yule kapanda cheo chuo kingine. Aliyemtazama binti Juni anaweza kuwa ameshahama Septemba, na huyo aliyepiga saa sita usiku anasoma daftari la mwenzake. Muulizeni bila aibu: wewe mwenyewe umemwona akicheza wapi? Atakayejibu kwa mchezo na dakika, huyo kamwona.

Kuna na hesabu ya nafasi. Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyojiunga na yale makubaliano ya mahakama yanayoruhusu wanamichezo kulipwa vina kikomo cha wachezaji: 38 kwa lakrosi ya wanawake, 48 kwa wanaume. Zamani chuo kingeweza kubeba hamsini na kuwaacha kumi wakishangilia tu. Muulize kocha ana walinzi wangapi na wangapi wanamaliza mwaka gani. Na ahadi ya mdomo, hata ikitoka kwa kocha mkuu mwenyewe, haimfungi mtu yeyote. Ufadhili ni ule ulioandikwa na chuo, na karatasi zake husainiwa kuanzia Novemba ya darasa la 12. Wengi hupata sehemu ya gharama tu, si zote, kwa hiyo akisema robo ya ufadhili, mwulize hiyo robo ni kiasi gani kwa dola.

Mkitembelea chuo, ombeni kuona mazoezi hadi mwisho, msikimbilie ofisini kunywa kahawa. Tazama nani anaokota mipira. Mimi nilijua benchi lenye afya kabla ya matokeo kwa kuona msaidizi na nahodha wameinama pamoja kwenye nyasi. Nilipata pia kuliona benchi ambalo wasaidizi wawili hawakusemezana. Wachezaji walikuja stoo kuniuliza mimi wafuate maelekezo ya yupi. Tazama vilevile kocha anavyoongea na mtu wa tiba. Mchezaji akigongwa kichwa, neno la mwisho kikanuni ni la watu wa tiba, na wakimkuta na mtikisiko wa ubongo siku hiyo harudi uwanjani. Kocha anayenung'unika hapo, mfute kwenye orodha hata kama ana vikombe kabati zima.

Na huyo mkurugenzi wa shughuli, mjibuni vizuri. Hana sauti kwenye usajili, lakini basi likiharibika usiku katikati ya Virginia yeye ndiye atakayewatafutia watoto chakula.

*Tulifika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mtoto wangu wa kwanza amependa sana lakrosi, na mfano wake ni kocha Gary Gait wa chuo cha hapa. Alinionyesha video huyo bwana akiwa kijana anaruka kutoka nyuma ya goli na kupachika mpira juu ya kipa. Vizuri, lakini mchezaji mkubwa ni kocha mkubwa? — Papa Amani, Syracuse, New York*

Papa Amani, hilo ni swali zuri kuliko mengi ninayosikia hapa kwa wenyeji. Goli hilo ni la 1988, na watu bado wanalisimulia. Jibu langu ni kwamba mara nyingi hapana. Mwenye kipaji cha kuzaliwa hushindwa kueleza jambo ambalo mwili wake hulifanya wenyewe. Lakini tazama Gait alipitia wapi. Baada ya umaarufu wote ule alikaa miaka mingi akiwa msaidizi tu, tena kwa timu ya wanawake, chini ya huyo huyo Cindy Timchal niliyemtaja juu, wakati wa ile miaka 7 ya ubingwa. Mchezo wa wanawake una kanuni nyingine, hauna kugongana kama wa wanaume, na ilibidi ajifunze kuufundisha. Kisha akaiongoza timu ya wanawake ya Syracuse kuanzia 2008, na 2021 ndipo akapewa ya wanaume. Hiyo ndiyo sehemu ya habari zake ningependa mwanao aijue, kuliko lile goli.

Na mjini kwenu kiti hicho hakigeuzwi ovyo. Tangu 1931 kimekaliwa na watu wanne tu: Roy Simmons, kisha mwanawe Roy Simmons mdogo kuanzia 1971, kisha John Desko kuanzia 1999, sasa Gait. Wawili wa mwisho walicheza chini ya Simmons mdogo. Wapo wanaosema huko ni kurithishana kwa kujuana, na hawajakosea kabisa. Lakini Desko aliyerithi alitoa ubingwa 5.

Jambo moja zaidi. Kusini tu ya mji wenu kuna ardhi ya Onondaga, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika, na lakrosi ni mchezo wao wa asili, wao na mataifa ndugu zao wa shirikisho la Haudenosaunee, waliucheza kama ibada na dawa kabla chuo chochote hakijajengwa. Oren Lyons, mzee wa Onondaga, alikuwa kipa wa Syracuse mwaka 1957 katika timu ya Simmons mkubwa ambayo haikufungwa na yeyote. Ninyi mnajua maana ya kuwa na ardhi na kupoteza ardhi, basi mpeleke kijana akatazame mechi huko.

*Ninafundisha lakrosi wasichana wa sekondari Nairobi. Nina ndoto ya kukaa kwenye benchi la chuo cha Marekani. Mlango uko wapi? — Mwalimu wa Michezo, Nairobi*

Mwalimu, mlango upo ila ni mwembamba. Uganda ilikwenda Denver 2014, timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya wanaume, na wasichana wa Kenya wakacheza ya chini ya miaka 19 Canada 2019, kwa hiyo hawatakuuliza tena kama Afrika tunajua fimbo. Watakuuliza umecheza chuo gani, maana karibu wote kwenye mabenchi hayo ni wachezaji wa zamani wa vyuo. Njia yenye akili ni kuomba shahada ya uzamili kwenye chuo kinachotoa nafasi ya mwanafunzi msaidizi wa kocha: unafundisha timu, chuo kinakupunguzia au kukulipia ada. Tafuta zaidi Daraja la Pili na la Tatu, vyuo vidogo ambako kocha mkuu anachora hata mistari ya uwanja na anahitaji mikono. Tuma video ya mazoezi yako, si ya mechi. Kocha anataka kukuona ukisahihisha mtu. Usikubali kufanya kazi bure kwa ahadi ya baadaye. Daraja la Kwanza lilikuwa na cheo cha kocha wa kujitolea kilichofutwa Julai 2023, na nilimjua kijana mmoja aliyekishika, akilala kwenye kochi la rafiki na kuishi kwa fedha za kambi za watoto za kiangazi. Alikuwa kocha bora kuliko aliyelipwa.

*Kocha msaidizi anayetaka kumsajili binti yetu anakuja kwetu nyumbani Jumapili. Mume wangu anataka tuchinje. Tumpikie? Tumpe zawadi ya kanga ya mkewe? — Mama Sele, Silver Spring*

Mpikieni, ila msichinje, huyo mtu ana nyumba nyingine ya kutembelea jioni hiyo hiyo. Pilau ya kuku na kachumbari inatosha. Mwulizeni kabla kama kuna anachokwepa. Kanga wekeni kwanza. Vyuo vingine vina masharti ya wafanyakazi kupokea zawadi, msimtie kijana wa watu mashakani. Naye akileta chochote kwa mtoto, fulana, viatu, fimbo, kikataeni kwa heshima, maana hapo ndipo kanuni zinauma na atakayeumia ni mtoto.

Mwacheni ale, halafu hesabuni anaongea na nani. Na mwambie binti akae mezani tangu mwanzo, sambusa atakaanga shangazi; yeye ndiye anayesajiliwa.