Kibodi na mausi vikifa kwa pamoja, usikimbilie madabodi

Mkuu, umesema kompyuta yako ya mezani inawaka vizuri mpaka sehemu ya nywila, halafu kibodi na mausi havisikii, na fundi keshakwambia madabodi (ile bodi kuu ya ndani) imeungua. Kabla hujamtolea hela, subiri. Mimi nina steshenari hapa Ngarenaro na hilo limenikuta.

Bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi kwanza. Taa ikiwaka na kuzima, kibodi inaongea na mashine. Isipowaka, zima, washa tena uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows (nyingi unabonyeza F2, F10 au Del). Kibodi ikikubali humo ila inafia ndani ya Windows, basi ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa), weka bisibisi pembeni. Ndiyo yanawapata wanaong'ang'ania Windows 7 kwenye mashine mpya: ile ni ya 2009, haikuja na draiva za USB 3.0, ukianza kuiweka, unafika pa kuchagua lugha kila kitu kimya.

Yangu haikuwasha taa popote. Nikaazima kibodi ya jirani, vilevile. Nikahamia poti za nyuma, wapi! Nikachomoa waya wa umeme, nikakandamiza kitufe cha kuwashia kama nusu dakika, nikarudisha. Ikakubali dakika mbili, ikafa tena. Wateja wawili wa barua za kazi wakavuka barabara kwa mwenzangu.

Zile dakika mbili ndizo zilinishtua. Kilichoungua hakifufuki. Nikamulika tochi ya simu kwenye poti za mbele, ambako wateja wanachomeka fleshi kutwa (wengine wameigeuza, na bado wanasukuma). Moja ulimi umevunjika, vibati vya ndani vimelaliana. Poti ya USB ina umeme wa volti 5. Vibati vikigusana ni shoti, na madabodi inakata umeme kujilinda. Kwenye mashine yangu poti za mbele na nyuma zilikuwa chini ya kinga moja, kwa hiyo zikalala zote.

Nikafungua kava, nikachomoa ule waya wa poti za mbele unaoingia kwenye madabodi, nikawasha. Num Lock hiyo, inang'aa. Sijaurudisha mpaka leo. Fleshi za wateja zinaingia kwenye habu (kifaa cha kugawa poti moja ya USB kuwa nyingi) niliyoivuta kutoka nyuma; ikichoka nanunua nyingine.

Kwako anza na tochi. Na kama kibodi yako ni ile ya zamani yenye plagi ya duara ya zambarau, zima mashine kabla ya kuichomoa au kuichomeka.